Miaka tisa ya boda, kisha pikipiki kubwa ya safari: ilivyonitia adabu njia ya Ulyankulu

Wakuu, heshima kwenu wote, wa lami na wa vumbi.

Ninayoandika hapa yamenitokea mimi mwenyewe na shahidi ninaye, analala chumba kimoja na mimi. Nikiongeza chumvi atanisuta, maana huu uzi atausoma.

Mimi ni mtu wa Tabora, Isevya. Nimeendesha boda miaka tisa kabla sijafungua kibanda cha vipuri. Pikipiki naifungua na kuifunga nikiwa nimefumba macho. Ndivyo nilivyokuwa najiambia, na kiburi hicho ndicho kiini cha uzi huu.

Ndoto yangu ilikuwa pikipiki kubwa ya safari. Zile za injini nene, siti pana ya watu wawili, mabegi magumu ubavuni na kioo cha kukinga upepo. Nilikuwa naziona zikipita na wageni kuelekea Kigoma, naacha kazi nazitazama mpaka vumbi lishuke.

Basi bwana, nikasikia kuna mzee Igunga anauza yake.

Mzee Masanja, mpima ardhi mstaafu. Nilimkuta anaifuta kwa kitambaa laini, taratibu, kama mtu anayemfuta mtoto pua. Rangi ya bluu iliyopauka kidogo kwenye tenki pale magoti yake yalipogusa kwa miaka. Mkwaruzo mmoja tu, na akanionyesha yeye mwenyewe kabla sijauliza.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kabla hujaisifia, isikilize."

Akaiwasha. Wakuu, ule mlio! Haupigi kelele. Unaguna tu chini chini, mzito, umetulia. Nikasisimka mwili.

Tulipomalizana, mzee akaniambia, "Kijana, kaa hapa Igunga siku tatu nne. Iendeshe nikiwa karibu nikuonyeshe tabia zake. Huyu si boda."

Nikacheka. Nikamwambia mzee, mimi pikipiki nimekulia juu yake. Akanitazama, akanikabidhi funguo. "Haya. Nenda salama."

Sijafika hata mwisho wa mji wa Igunga, aibu ya kwanza.

Boda niliyoizoea, gia zote unakanyaga mbele. Hii, gia ya kwanza chini, zilizobaki zote unainua kwa kidole. Najua hilo kichwani, lakini mguu wangu haukuwa na habari. Niko gia ya tatu, nataka ya nne, mguu ukakanyaga. Ikashuka ya pili! Injini ikapiga yowe, tairi la nyuma likaburuza, mama mmoja na beseni lake la mchele akaruka pembeni akinitukana kwa Kisukuma. Nilielewa kila neno.

Nikaendesha mpaka Nzega nikiimba "inua, inua, inua" ndani ya helmeti.

Lakini baada ya Nzega, aisee. Mguu ukakubali. Nikafika gia ya tano, barabara imenyooka, pori kushoto na kulia, mizinga ya nyuki inaning'inia juu ya miti. Mikono haifi ganzi. Mgongo haulalamiki. Boda ukienda safari ndefu unashuka umepinda kama jembe. Hii nilishuka Isevya nikiwa nimenyooka, nikatamani nigeuze nirudi tena Igunga.

Wiki mbili nilizunguka nayo mjini tu kuionyesha. Sokoni, stendi, kijiweni kwa washikaji wa zamani. Kila mtu anataka kuikalia. Mimi natoa maelezo kama muuzaji wa dawa mnadani.

Mke wangu Yusta, yeye alikuwa tofauti. Jioni nikiipaki uani anachukua ungo wake wa karanga, anakaa juu ya ile siti, anamenya. Wakati mwingine nikiwasha anasimama nyuma yangu anachungulia ile dashibodi juu ya bega. Haulizi kitu. Mimi nikadhani hana analoelewa, moyoni nikasema wanawake na mashine, basi.

Mtaniwia radhi dada zangu humu. Adhabu yangu ipo hapo chini.

Sasa niwaeleze jambo lililokuwa mbele yetu, maana ndilo lililofanya mchezo uwe wa roho mkononi.

Yusta kwao ni Ulyankulu, familia za asili ya Burundi, Wakatoliki wa kweli kweli. Mdogo wake Domitila alijifungua mtoto wa kike, akamwomba Yusta awe mama wa ubatizo.

Kwa wengine hilo ni jambo la picha na pilau. Kwa Yusta halikuwa hivyo. Mimi na yeye tuna miaka saba ya ndoa na Mungu bado hajatujalia. Maneno ya watu mnayajua. Alipopigiwa simu na Domitila aliniambia, "Kashindye, na mimi nitashika mtoto mbele ya kanisa." Alishona gauni jeupe la mtoto kwa mkono, akalifunga kwenye mfuko, mfuko ndani ya mfuko mwingine.

Ubatizo ulikuwa Jumapili, misa ya saa nne asubuhi. Domitila akasema wazi, padri wa kule hasubiri mtu, na kuna shangazi mmoja amewekwa tayari iwapo dada hatatokea.

Yusta akataka aende Ijumaa na basi. Nikamkatalia. Nikasema, basi la nini na mumeo ana chombo kile? Jumapili alfajiri tunaondoka, saa tatu tuko Ulyankulu tunakunywa chai.

Mama yangu mzazi akasikia. Naye ni Mnyamwezi wa zamani, babu zake walibeba mizigo ya misafara kutoka hapa Tabora mpaka Ujiji, kwa miguu.

"Mwanangu, ondokeni Jumamosi, mlale Urambo kwa mama yako mdogo. Safari ya kwanza hailali mbali."

Kwetu huo ni utaratibu. Wazee wetu siku ya kwanza ya msafara walikuwa wanatembea kidogo tu, wanapiga kambi mahali ambapo bado wanasikia mbwa wa nyumbani wakibweka. Si uvivu. Hapo ndipo inajulikana nani kiatu kinambana, mzigo wa nani umefungwa vibaya, nani kasahau chungu. Kasoro ikionekana, unarudi unarekebisha. Ukiijulia siku ya tano porini, imekula kwako.

Nikamjibu, "Mama, hao walikuwa kwa miguu."

Mama akasema, "Na wewe una miguu gani?" Akaingia ndani.

Yusta akaniangalia. "Ukinikosesha ubatizo wa mtoto yule, hiyo pikipiki irudi Igunga. Na sitanii."

Nikasema poa.

Jumapili, saa kumi na moja na nusu alfajiri, tumetoka. Wakuu, niacheni niisifie kidogo. Lami mpaka Urambo, baridi ya asubuhi, watu wawili na begi, na ile mashine inakwenda kama haijabeba kitu. Njia ileile ya wazee wetu waliokuwa na pembe za ndovu mabegani. Mimi nimekaa kitini kama bwana shauri wa mkoloni. Yusta akanikumbatia kiunoni akaniambia sikioni, "Kumbe raha hivi!" Nilijisikia mwanaume kamili.

Tukaacha lami pale Urambo, tukashika barabara ya vumbi kuelekea Ulyankulu. Mvua ilikuwa imenyesha juzi yake. Dimbwi la kwanza tukapita, la pili tukapita, la tatu lilikuwa la tope zito, likaturukia mpaka magotini. Haikuteleza hata kidogo. Nikaipigapiga tenki, nikaiambia ahsante.

Saa mbili kamili tukasimama karibu na bani la kukaushia tumbaku, Yusta ajipanguse na mimi ninyooshe miguu. Nikateremsha stendi, nikazima.

Kuondoka sasa. Nikawasha, ikaguna vizuri. Nikapandisha stendi, nikabana klachi, nikatia gia ya kwanza.

Kimya.

Nikarudisha gia huru, ikawaka. Nikatia gia, ikazima. Mara tano. Mara kumi.

Kijasho.

Nikavua koti, nikashuka na mkoba wangu wa spana. Miaka tisa ya boda ikaingia kazini. Nikafungua plagi, nikasafisha. Nikakaza waya wa klachi, nikaulegeza. Nikachungulia petroli, ipo. Nikang'oa siti, nikashika nyaya ambazo mpaka leo sijui kazi zake. Nikarudishia kila kitu, nikawasha, nikatia gia.

Kimya.

Mzee Masanja nampigia, mtandao hakuna. Saa tatu kasoro dakika kumi. Yusta amekaa juu ya gogo, mfuko wa gauni mapajani, anaangalia jua linavyopanda. Heri angenitukana.

Akatokea kijana wa boda. Akasimama, akaiangalia pikipiki kwa huruma.

"Braza, hizi kubwa huku tunazikata nyaya zote tunaunga upya. Ila itachukua mchana mzima." Kisha akamgeukia Yusta. "Shemeji, kama unawahi, panda nikupeleke."

Na kweli hilo lilikuwa jibu. Nikamwambia Yusta, "Nenda. Wahi mtoto." Pale nilijua pikipiki itarudi Igunga, lakini hilo lilikuwa dogo. Nilimnyima mke wangu basi la uhakika kwa sababu ya sifa zangu, na sasa anaenda kanisani nyuma ya mtu nisiyemjua.

Yusta akanyanyuka. Akainua mguu apande boda. Akaushusha.

"Kashindye, washa."

"Yusta, nenda, muda..."

"Washa nikwambie!"

Nikawasha. Akaja akasimama nyuma yangu, akachungulia juu ya bega langu kama anavyofanya nyumbani.

"Hicho kitaa chekundu hapo chini. Nyumbani ukipandisha stendi kinazimika. Kila siku kinazimika. Sasa stendi iko juu, mbona kinawaka?"

Nikaangalia. Kweli, kitaa kidogo, chekundu, kinanitazama.

Wakuu, boda hazina kitu hicho. Unaweza kuondoka na stendi chini, utaijua ukianguka. Zile kubwa zina swichi pale kwenye stendi. Stendi ikiwa chini ukatia gia, inazima yenyewe ili usife. Na swichi yangu ilikuwa imekula tope la lile dimbwi. Chombo kilikuwa kizima kabisa! Kilidhani stendi iko chini, kikakataa kuniua.

Yusta alishachukua chupa yetu ya maji ya kunywa. Akaimimina yote pale chini. Nikapiga stendi juu, chini, juu, chini, tope likatoka.

Kitaa kikazimika.

Gia ya kwanza. Ikaguna. Ikasogea.

Kijana wa boda akapiga kelele, "Shemeji ndiye fundi!"

Jinsi ile mashine ilivyokimbia baada ya hapo, sina maneno. Mchanga, mashimo, makorongo, haikunung'unika. Ilikuwa inajua kazi yake siku zote, mjinga alikuwa juu.

Tumefika misa imeshaanza. Padri alikuwa anawaita mbele wazazi na wasimamizi. Yule shangazi alishasimama na mtoto mikononi. Yusta akapita katikati ya kanisa, helmeti mkononi, kitenge kimejaa vumbi, uso umekuwa wa udongo isipokuwa pale miwani ya kukinga vumbi ilipokaa. Watu wakageuka wote.

Shangazi akamtazama, akatabasamu, akampa mtoto.

Yusta akamvisha lile gauni jeupe pale pale. Lilikuwa safi, halikuguswa hata na tone la tope.

Padri akauliza mtoto anaitwa nani. Domitila akajibu, "Yusta."

Hakuwa amemwambia mtu. Mke wangu akainamisha kichwa, machozi yakachora njia kwenye lile vumbi. Na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na mikono ya grisi, nikalia mbele za watu wala sikuona haya.

Siku hiyo tulilala kwao. Kesho yake nikampigia Mzee Masanja nikamsimulia. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema hilo lingekuwa somo la siku ya pili, kama ningebaki Igunga.

Wakati wa kurudi Yusta akatoa amri, tulale Urambo. Urambo na Tabora ni pua na mdomo, lakini nilisema ndiyo mama. Nilipompigia mama yangu kumwambia tumelala karibu, akaniuliza, "Mbwa unawasikia?" Nikamwambia nawasikia.

Somo langu, wakuu: chombo cha mtumba kina tabia zake kilizozoea na mwenye nacho wa kwanza. Ukijifanya unakijua, hakikufundishi kitu. Mimi wiki mbili nzima nilikuwa naionyesha watu. Yusta alikuwa anaitazama.

Pikipiki haikurudi Igunga. Nilipomuuliza kama bado anataka irudi, alisema labda nirudi mimi, yenyewe ibaki.

Mnaoendesha hizi kubwa, semeni na nyinyi ziliwaaibisha wapi. Mnaotaka kununua, ulizeni, nitajibu ninachojua, na nisichojua nitamuuliza mama mwenye nyumba.

Ila msinicheke sana. Mpaka leo kila nikiwasha, kabla sijagusa klachi, nasikia sauti nyuma ya bega langu:

"Kitaa?"

Nami najibu, "Kimezimika, mama."

Ndipo tunaondoka.