Nilichomficha Mama Kwenye Utrasaundi

Nilikuwa kidato cha tatu mama alipokuwa na mimba ya mdogo wetu wa mwisho, na mimi ndiye niliyechaguliwa kumsindikiza hospitali kupigwa picha ya utrasaundi. Sababu ilikuwa Kiswahili. Mama amekulia kijijini, lugha yake ni Kiha. Kiswahili cha kuuza dagaa ufukweni Katonga anakimudu mpaka anagombana kwacho, ila cha hospitali kinampita. "Wewe si unasoma," alisema. Mimi ni yule mwanafunzi ambaye akiitwa mbele ya darasa anaanza kukohoa.

Mwenyewe hakutaka kwenda. "Siumwi mimi, picha ya nini?" Nesi wa kliniki akamjibu, "Mama, hatusubiri uumwe. Kila mjamzito anapimwa." Bibi, ambaye alitupokea sote wanne tulipozaliwa hapa hapa nyumbani Rusimbi, akaguna tu. "Basi waulizeni kama ni wa kike, nianze kutafuta jina." Wote tuliamini picha ni ya kuangalia jinsia.

Daktari alikuwa kijana wa kiume, na hilo lilinimaliza. Alimpaka mama jeli ya baridi, mama akaruka, halafu kwenye skrini kikatokea kitu kidogo kinachodunda. Ulikuwa moyo. Akapima kichwa, akapima paja, akaangalia maji yanayomzunguka mtoto. Kisha akanigeukia mimi.

"Mwambie mtoto anaendelea vizuri. Ila kondo la nyuma limekaa chini, limefika kwenye mlango wa kizazi. Mara nyingi hupanda lenyewe tumbo likikua. Asibebe vizito, akiona damu hata tone aje hapo hapo, na mimba ikifika mwezi wa nane tupige tena tuone."

Mlango wa kizazi. Kwa Kiha neno hilo nalijua, na kwetu mtoto halitamki mbele ya mama yake.

"Anasemaje?" mama aliuliza.

"Anasema mtoto mzima. Turudi mwezi wa nane."

Hata jinsia sikuuliza.

Wiki mbili nilikaa kimya. Nilifungua kitabu cha Baiolojia, nikatazama mchoro wa kondo la nyuma mpaka nikauelewa: likibaki limeziba njia, siku ya uchungu damu inatangulia mtoto. Na bibi alikuwa ameshatenga khanga safi na wembe mpya, akijua mtoto atazaliwa mikononi mwake. Niliandika yote kwenye daftari langu, kwa Kiswahili na kwa Kiha, kama vile daftari ndilo lenye mimba.

Jumamosi moja asubuhi tulikuwa Katonga. Mama akainama, akashika beseni lililojaa dagaa wabichi ajitwishe.

"Mama, shusha!"

Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyopanga. Wanawake wote waliokuwa wanaanika wakageuka.

"Heee, kumbe huyu ana sauti!" mmoja alisema, wengine wakacheka.

"Nishushe nini, wenzangu wanaanika?"

Nikamwambia. Kwa Kiha, mbele yao wote, na lile neno nikalitamka. Kicheko kikakatika. Mama aliliachia beseni likakaa mchangani. Mimi nikasubiri kofi.

"Wiki mbili," alisema. "Umekaa na habari za mwili wangu wiki mbili?"

"Niliona aibu."

"Aibu yako ingenizika, mwanangu." Akavuta pumzi. "Haya, rudia. Ile ya damu."

Nikarudia. Beseni walilibeba wale waliokuwa wananicheka.

Nyumbani nilimchorea bibi tumbo kwenye karatasi, mtoto juu, kondo chini. Aliitazama kwa muda mrefu.

"Mikono yangu inajua kichwa na inajua matako," alisema. "Hicho haikijui. Huyu atazaliwa hospitali, na mimi nitakaa nje kwenye benchi kama mgeni." Akanitazama mimi. "Na wewe, huo mdomo ulikuwa umeufungia wapi?"

Mwezi wa nane tulirudi. Daktari alikuwa yule yule. Safari hii sikumsubiri anigeukie.

"Shikamoo daktari. Tunaomba kwanza utuangalizie kondo la nyuma. Liko mbali kiasi gani na mlango wa kizazi?"

Akacheka kidogo, akageuza skrini ili tuone wote. Akasogeza kifaa chini ya kitovu, akabonyeza, akapima, akapima tena. Nilihesabu pumzi za mama.

"Limepanda," alisema. "Liko juu kabisa. Na mtoto ameshageuza kichwa chini. Mama anaweza kuzaa kawaida, ila azalie hapa."

Nilimwambia mama kila neno, sikuruka hata moja. Nilimwambia kwa sauti mpaka waliokuwa kwenye foleni nje wakasikia. Mama alianza kucheka pale pale kitandani, tumbo likatikisika na jeli yake, na daktari akamsihi atulie kwa sababu picha inapotea. Hakutulia.