Kaka yangu alipojitokeza, wakasema anamuiga Bwana Kivuli

Saa nne na dakika ishirini asubuhi, Jumamosi, niliiweka video mtandaoni. Kufika adhuhuri mambo yalikuwa yameshaharibika.

Wakuu, salaam. Nayaandika kama yalivyokuwa. Sina haja ya kutia chumvi, imeshazidi.

Mimi ni fundi redio hapa Chake Chake. Kaka yangu Shaame ni mkulima, yuko Wawi. Ujanani alikuwa akipiga fidla, nikamrekodi kwenye kaseti: nyimbo sita, zote katunga mwenyewe. Kisha akaoa. Baba mkwe hakutaka kusikia habari za muziki, Kaka akaiweka fidla darini.

Miaka mingi baadaye nikazitia nyimbo zile intaneti, bila jina wala picha. Kaka ndiye aliyetaka hivyo, maana mkwewe alikuwa hai bado.

Watu wakapagawa. Wakambatiza Bwana Kivuli. Huyu anasema kahamia Maskati, yule anasema kazama baharini. Jamaa wa bara wakaapa ni jini. (Kwao kila kitu cha Pemba ni jini.) Wakabishana kama uchaguzi umekaribia.

Mwaka huu yule mkwewe Kaka akafariki. Kaka akanijia dukani.

"Sasa tia jina langu. Nisije nikafa watu hawajui kuwa ni mie."

Nikamrekodi uani kwake, mchana kweupe, akipiga wimbo wanaoupenda kuliko yote. Hakukosea popote.

Komenti ya kwanza: "Mzee anamuiga vizuri, ila roho ya Kivuli hana."

Ya pili: "Kivuli na kitambi na kandambili? Jamani, tumheshimuni marehemu!"

Nikaeleza hatua kwa hatua. Nikaonyesha kaseti yenyewe. Wakasema kaseti huokotwa popote, wakaniita tapeli.

Kaka alizisoma zote kwenye simu yangu, miwani imemshuka puani.

"Kwani mie nimekufa lini?"

Nikaizima simu.

Nilichojifunza: walimpenda kwa kuwa hawamjui. Kila mmoja alishajitengenezea Kivuli wake, na kaka yangu hakufanana na hata mmoja. Kama yupo anayejua namna ya kumrudishia mtu kazi yake, aandike hapa. Mimi njia zimeniishia.

Kaka kaamua kuiuza fidla, na jana alikuja kijana wa Wete kuinunua. Akauliza, "Mzee, hii inafanana na ile ya Bwana Kivuli?"

"Inafanana," Kaka akamjibu.

Kijana akaomba apunguziwe, akapunguziwa. Akalipa shilingi laki moja na ishirini elfu.