Uzio wa Wabera

Siwapendi watu wanaopiga makofi kabla ya kusikia. Siku ile pale uwanja wa Wabera niliketi nao meza kuu, chini ya hema, nikiwa mkalimani. Mimi ni mwalimu, basi hakuna aliyejisumbua kuniuliza kama nataka.

Mgeni alikuwa mzee Mwingereza aliyechunguza historia ya michezo katika kaunti yake, huko mashambani kwao. Kamati ya uwanja ilimwalika ili kupamba uzinduzi, na kilichozinduliwa kilikuwa uzio. Ndiyo, uzio: seng'enge kuzunguka uwanja wa vumbi ambapo binti yangu, golikipa, na wasichana wenzake walicheza mpira kila jioni. Ndani zingepandwa nyasi, na ufunguo wa lango ungekaa kwa kamati. Wasichana hawakuwa na uwanja mwingine.

Mzee alieleza, nami nikatafsiri. Zamani, alisema, wanakijiji wa kwao walikuwa na uwanja wa wote. Kijiji kizima kilicheza mpira dhidi ya kijiji jirani, wachungaji na wahunzi pamoja, na siku za sikukuu hata wanawake walishindana mbio. Kisha matajiri wakaweka ua, wakasema ardhi ina wenyewe. Ndani wakaotesha nyasi nzuri, wakacheza kriketi wao kwa wao na kunywa chai.

Kusikia nyasi, mwenyekiti wa kamati akagonga meza. Alikuwa bwana mwenye kitambi, amevaa kofia ya timu ya Ulaya ambayo sidhani amewahi kuitazama dakika tano.

"Hiyo! Hiyo ndio tunataka! Mwalimu, hebu waambie hiyo ya nyasi tena."

Nikawaambia tena, na ile ya ua nikairudia kwa sauti kubwa zaidi. Meza kuu yote ikapiga makofi. Wako watu ambao ukiwasomea hukumu yao watakushukuru kwa sauti nzuri. Mmoja wao alikuwa amelala kabisa, soda mkononi.

Ndipo binti yangu akasimama katikati ya wenzake, glavu bado mikononi.

"Habari zenu. Mimi nauliza huyu mzee. Hao watu wa kijiji, wakishafungiwa nje, walienda kucheza wapi?"

Nilimtafsiria mzee swali. Akasema hawakwenda popote. Waliacha kucheza, na wajukuu wao wakawa wa kusimama nje ya ua na kutazama. Nilitafsiri neno kwa neno, kwa hasira. Sasa, nikafikiri, hata hawa wameelewa.

Mwenyekiti aliinuka akitabasamu.

"Umesikia, msichana? Hata kwao watu walikuwa wanatazama tu, na hakuna mtu alileta maneno. Hata nyinyi mtatazama."

Wakampigia makofi, akachukua mkasi akakata utepe. Binti yangu alivua glavu zake moja moja, akaja mpaka meza kuu, akanipa nimshikie.