Wanaokula Wakitembea

Huku Ufaransa watu wazima wanakula wakitembea. Leo sokoni nimemwona mzee mzima, tai shingoni, anamega ncha ya mkate huku mkate wenyewe ameubana kwapani. Kwapani! Wala hakuna anayemkaribisha mwenzake, hata kwa mdomo tu. Nami nimenunua tini kavu, na harufu yake ya sukari na jua imenirudisha utotoni, njia ya Mwakitolyo, kule kwetu kwenye machimbo.

Mama alikuwa amefunga matobolwa mawili kwenye pindo la kanga, vile viazi vyetu vinavyopikwa vikaanikwa. Hatukuwa tumekula tangu jana yake. Nikanyoosha mkono.

"Wewe ni mbuzi, ule huku unatembea?"

Tukakaa kando ya barabara, akatandaza kanga, akanipa changu. Akapita mchimbaji wa dhahabu, vumbi mpaka kwenye kope. Mama akasema, "Karibu, baba."

Mtu mwenye adabu hujibu, "Asante, nimeshiba." Yule akachuchumaa, akala kiazi cha mama chote, akashukuru, akaenda zake.

"Mroho yule!" nikasema.

Mama akanizaba kofi. "Hukuona mikono yake inavyotetemeka?"

Sasa nimekaa kwenye ngazi za kanisa lao, nimetandaza tini juu ya karatasi, na kila anayepita namwambia, "Karibu." Bibi mmoja mwenye mkate mkononi amesimama. Nimesogea ili apate pa kukaa.

Ameweka sarafu juu ya tini zangu, akaenda zake akitafuna.