Neno Nililoliruka

Juzi ofisini nilipokea barua ya Kiingereza yenye neno "tentatively", nikajikuta nimerudi kimawazo kijijini kwetu, Kwedizinga.

Baba alikuwa mwenyekiti wa kitongoji, na wafadhili wa mradi wa maji walimwandikia barua kwa Kiingereza. Alinipa mimi niisome barua hiyo, kwa kuwa nilikuwa kidato cha kwanza. Neno lile lilikuwa limekaa kabla ya jina la siku. Sikulijua, nikalidhani ni pambo tu, nikaliruka. "Maji yatatoka Alhamisi," nilimwambia.

Alhamisi alasiri akina mama walijaa bombani na ndoo zao, vumbi likinukia jua. Fundi wa mradi alipofika kwa pikipiki kukagua bomba, alishangaa. "Nani kawaambia ni leo?"

"Barua yenu. Mwanangu huyu kanisomea," Baba alijibu, akampa.

Fundi aliisoma polepole. Kisha akanitazama mimi, akazitazama na zile ndoo. "Bomba halijajaribiwa, mzee," alisema, "lakini ngoja nikafungue."

Alipanda hadi kwenye tangi, nasi tukangoja. Bomba lilikoroma, likatema hewa, likatoa tope lenye harufu ya kutu, halafu maji meupe. Bibi mmoja aliyakinga kwa viganja, akalia. Mimi niliamini kwamba Kiingereza nilichokisoma ndicho kilichoyaita.

"Umesoma vizuri, mwanangu," Baba alisema.

Leo najua neno lile lilimaanisha kwamba siku yenyewe haijathibitishwa. Fundi alilijua tangu siku ile. Alifunga zana zake, akamwambia Baba, "Kasoma vizuri kweli," akawasha pikipiki.