Kilichokuwa Kiunoni mwa Hajati

Mtaa mzima wa Magarama, mwanamke Mwislamu akifa, hata awe tajiri namna gani, hata awe na ulimi mrefu namna gani, mwisho wake ulikuwa mikononi mwa Zuena. Ndiye mwosha maiti. Siku za kawaida alikaanga sambusa mbele ya nyumba yake, na wateja walizila bila kuuliza mikono ile imetoka wapi, maana walijua. Akiitwa, alifunika karai, akajifunga kanga kuukuu, akaenda. Na akitoka chumbani kwa maiti alikuwa bubu. Kovu, kidonda, alama za mume mkorofi, vyote vilibaki humo humo. Sitara, ndivyo wanavyoiita: aliyekufa hafunuliwi. Kwa sababu hiyo wanawake wa mtaa walimheshimu, na yeye aliipenda heshima hiyo kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Lakini moyoni alikuwa na mtu wake. Alikuwa akisubiri Hajati Zaituni afe. Tusifichane, ndivyo ilivyokuwa! Wenzake walikaa kwenye mkeka baada ya swala wakaomba riziki na watoto, Zuena akaomba maiti ya Hajati.

Na alikuwa na sababu. Hajati Zaituni alikuwa na duka la vitambaa, alikuwa mkubwa wa akina mama msikitini, na alikuwa mkubwa wa akina mama wa chama hapo mtaani. Asubuhi alihimiza watu kwenye swala, jioni kwenye kura, kwa sauti ile ile na kidole kile kile. Mama yake Zuena, Bi Zawadi, yeye aliandika kombe. Aliandika aya kwa zafarani kwenye sahani, akaiosha kwa maji, mgonjwa akanywa. Alishona na hirizi pia, za ngozi ya mbuzi, kwa uzi mwekundu. Waislamu walibisha mlango wake, Wakristo walibisha, na wakubwa walibisha kwa mlango wa nyuma.

Basi Jumamosi moja kabla ya uchaguzi, watu wamemaliza kazi ya pamoja ya kuzibua mifereji, bado wameshika majembe, Hajati akasimama mbele ya mkutano. Jembe lake halikuwa na hata tone la matope.

"Huyu Zawadi iko mshirikina," akasema. "Anatuharibia dini, anatuharibia na chama. Wakubwa wanakuja kututembelea, watukute na waganga? Oya, hapana! Atoke!"

Kassimu, mkuu wa mtaa, akauliza nani anataka Zawadi atoke, ainue mkono. Mikono ikainuka, msitu mzima. Na wa Zuena ukainuka, mama yake anaona. Ndiyo, mtoto wa kumzaa! Majirani walikuwa wanamtazama, na akina mama wa msikitini wangemnyang'anya kazi ya maiti mchana huo huo. Angefanya nini? Hilo swali alijiuliza kila siku, na kila siku alijijibu kwa kumlaani Hajati.

Bi Zawadi alifunga nyumba yake kufuli, akaenda Mwakiro, huko Muyinga, kwenye shamba la marehemu kaka yake. Kutoka huko alituma neno moja tu kupitia madereva: nataka kufia nyumbani kwangu. Zuena naye alituma sukari na sabuni. Yeye mwenyewe hakwenda, aliogopa kuonekana. Lakini kiapo alikula: Mama atarudi Magarama na kichwa chake juu, na Hajati atalipa.

Miaka miwili ikapita. Halafu asubuhi moja presha ikampanda Hajati akiwa dukani, na kabla ya adhuhuri amekwisha. Mjumbe alipofika na habari, Zuena alisema "Inna lillahi" kama kila mtu. Kisha akaingia ndani kuchukua kanga yake, na huko ndani, peke yake, alicheka.

Chumbani alimkuta Aisha, binti wa marehemu, macho yamevimba. Wakaanza kazi. Maiti amelazwa kwenye ubao, amefunikwa shuka, na mwosha anapitisha mkono chini ya shuka bila kutazama, mkono wenyewe umefungwa kitambaa. Zuena alimwosha Hajati vizuri, hakumpunguzia hata tone. Chuki alikuwa nayo, lakini kazi aliijua. Akafika kiunoni, mkono ukakwama.

Uzi. Akaupapasa. Kwenye uzi kulikuwa na vifuko vitatu vigumu.

Akafunua shuka. Hajawahi kufanya hivyo maisha yake yote. Ngozi ya mbuzi, uzi mwekundu, mshono wa kwenda na kurudi ambao yeye mwenyewe alifundishwa akiwa mdogo ukamshinda. Na ngozi bado ilikuwa mpya, hata jasho halijaifanya nyeusi. Lo! Mwanamke huyu alimfukuza mganga, akaingia barabarani akamfuata mpaka Mwakiro!

Aisha akaanguka miguuni pake.

"Mama, nakuomba. Ni siri yake. Kata, tuvizike na matambara ya kuoshea, hakuna mtu atajua."

"Mama yako alimsitiri mama yangu?"

"Mama, mi sikuwepo kwenye mkutano. Mi nilikuwa mtoto wa shule. Unaniadhibu mimi?"

Zuena alimkwepa. Akachukua mkasi, akakata uzi, akavifunga vifuko kwenye pindo la kanga yake. Kisha akamaliza kazi: karafuu maiti, pamba, sanda. Alimfunga Hajati vizuri kabisa.

Nje, chini ya turubai, wanaume walikuwa wamejaa, na Sheikh Rachid alikuwa anasema. Laiti angesema machache! Alisema Hajati alikuwa mwanamke wa tauhidi safi. Alisema ndiye aliyeusafisha mtaa na uchafu wa hirizi na makombe. Kassimu akaongeza kwamba chama kimepoteza nguzo, na kwamba vijana waige mfano wake. Zuena alisikia yote akiwa mlangoni, mikono bado ina maji. Mtu angeweza kumvumilia Hajati, amekufa. Lakini hawa walio hai, wanajikosha kwa jina la mama yake mbele ya macho yake!

Akatoka. Mwanamke hatoki kwenda mbele ya wanaume waliokuja kuzika, kila mtu anajua. Akapita katikati ya viti, akafungua pindo la kanga, akavitupa vifuko kwenye mkeka mbele ya miguu ya Sheikh.

"Tauhidi yake hii hapa," akasema. "Nimeitoa kiunoni. Na aliyeishona ni mama yangu, yule mliyemfukuza. Haya, endelea kuhubiri, Sheikh!"

Sheikh Rachid alitazama vifuko kama mtu aliyetupiwa nyoka. Mzee mmoja akavuta mkono wa shati lake taratibu, akaufunika mkono wa juu, pale hirizi hufungwa. Wawili watatu nao walianza kurekebisha mikanda. Zuena aliona, na roho ikamtulia kwa raha ambayo hajapata kuionja tangu siku ya mkutano.

"Umevunja amana ya maiti," Sheikh akasema.

"Na nyinyi mlivunja nyumba ya mtu!"

Kassimu akainua viganja. Siasa anaijua, huyo. Aliona upepo umegeuka, naye akageuka nao.

"Bon, bon, haya, dada Zuena, tusipigane kwenye msiba. Mama Zawadi nani amemfukuza? Mi sikumbuki kitu kama hicho. Alihama mwenyewe. Akitaka kurudi, arudi hata kesho, nyumba ni ya kwake."

"Muongo we! Mliinua mikono, nyinyi wote, mi niliona—"

"Na wa kwako, mama?" Ilikuwa sauti ya Aisha, kutoka mlangoni. Hakupiga kelele. "Hata mimi nilisimuliwa. Mkono wako siku ile ulikuwa wapi?"

Zuena aliinama. Akaokota vifuko vyake, akaondoka kana kwamba hakusikia.

Kesho yake akapanda teksi ya Muyinga. Mafuta yalikuwa shida, wakasubiri kituoni mpaka jua likawa kali, na muda wote huo alikuwa anapanga maneno. Njia nzima, kupita Karuzi, alijionea Mama akilia kwa furaha, akimwita shujaa. Swali la Aisha lilimrudia mara nyingi, naye mara nyingi alilisukuma. Yule ni mtoto wa mnafiki, atajua nini! Mjini Muyinga akachukua pikipiki mpaka Mwakiro.

Bi Zawadi alikuwa uani, anachambua maharage kwenye ungo. Alikuwa amekonda. Zuena akapiga magoti akamsalimia, kisha hakuweza kusubiri hata apewe maji. Akaviweka vifuko juu ya maharage.

"Mama, Hajati amekufa. Nimevikuta kiunoni kwake, nimewatupia wote usoni, Sheikh na Kassimu. Mtaa mzima umejua. Kassimu mwenyewe amesema urudi. Mama, nimekulipizia!"

Bi Zawadi akachukua kifuko kimoja, akakigeuza, akakirudisha.

"Ulimfunua?"

"Mama, yule alikuwa mnafiki!"

"Najua kama alikuwa mnafiki. Alikuja hapa amejifunika uso, anapita migombani kama mwizi. Aliogopa uchaguzi huu unaokuja, aliogopa kufa. Akakaa hapo ulipopiga magoti, akalia, akaniomba radhi. Mi sikumsamehe, usidhani. Nilimshonea, nikamwambia aende. Lakini alikuja."

Zuena akainamisha kichwa.

"Mi niliogopa watu, mama."

"Na yeye aliogopa watu. Yeye alikuwa na watu wengi wa kuogopa kuliko wewe." Sauti yake haikupanda. "Miaka yote hii we unanitumia sabuni. Mi nilikuwa natazama hiyo barabara, pikipiki ikipita nasema leo ni Zuena. Hata unitukane, lakini uje. Leo umekuja, kwa sababu umepata cha kuwaonyesha watu."

"Nilifanya kwa ajili yako!"

"Kwa ajili yangu ungeuacha mkono wako chini."

Zuena alilia. Alilia kwa sauti, kanga mdomoni, na kwa mara ya kwanza hakumlaani Hajati. Jina lililomjia lilikuwa lake mwenyewe. Mama yake alimwacha alie, akaendelea kuchambua maharage, mabovu huku, mazima huku, mpaka maharage ya ungo yakaisha. Kisha akasimama, akakung'uta nguo.

"Nitarudi Magarama. Nyumba ni yangu, wataniona kila siku wakipita, na waone. Utatangulia kufungua madirisha na kufagia."

"Ndiyo, mama."

"Lakini nikifa, atafutwe mwosha mwingine, hata kama atatoka mbali. Wewe usiniguse."