Shahidi Niliyemfuata West Bay

Nilitoka Abu Hamour, mtaa ninaoishi Doha, asubuhi ya Ijumaa kwa ajili ya kaka yangu Wafula. Alikuwa fundi viatu mtaani kwetu Nairobi, akafa kwa rungu la polisi siku ambazo kafyu ya korona ilikuwa ngeni. Polisi walisema alianguka mtaroni akikimbia. Kamati ya wakazi, akina mama na vijana waliokuwa wakiandika majina ya waliopigwa, ilikataa maneno hayo na kutafuta wakili. Wakili akataka mtu aliyeona kwa macho yake. Aliyetajwa ni mmoja tu, Musyoka, jirani wa mlango wa pili. Lakini ndege ziliporudi angani, Musyoka alipata kazi ya ulinzi hapa Doha, ambako mimi ni nesi, na simu za kamati hakuzipokea.

"Nekesa, wewe uko huko," Mama aliniambia. "Nenda umtazame usoni."

Saa mbili asubuhi alinipitia Hamadi, dereva wa Unguja anayewabeba manesi wa kliniki yetu. Nilikaa kiti cha nyuma, barakoa usoni, madirisha wazi ingawa upepo wenyewe ulikuwa wa moto.

"Bibie, na huyo mtu akikataa?"

"Nitarudi mikono mitupu."

"Basi mwache aseme mwenyewe. Usimbane."

Industrial Area ya Doha, ilipo kambi anayolala Musyoka, tulikuta mabasi ya kampuni yakipakia wafanyakazi, kiti kimoja mtu, kingine kitupu. Langoni mwa kambi mlinzi, kijana wa Uganda, alikagua alama ya kijani ya kutokuwa na korona kwenye simu zetu, kisha akasema wageni hawaingii.

"Na Musyoka hayupo. Wamempeleka zamu ya mchana, West Bay. Tangu ile barua yao."

Nilimuuliza ni barua gani. Akaeleza kwamba walinzi Waafrika walilalamika kuwa ni wao tu wanaosimamishwa juani kumpima joto kila anayeingia, huku wenzao wa rangi nyingine wakikaa ndani penye kiyoyozi. Aliyetia sahihi ya kwanza ni Musyoka. Nilirudi garini nimepata nguvu. Mtu wa namna hiyo, nilijiambia, hatashindwa kumsemea Wafula.

West Bay nilimkuta kwenye mlango wa maegesho ya jengo moja la ofisi, shati limeganda mgongoni. Alinielekezea kipima joto kwenye paji la uso kabla ya kunitambua.

"Thelathini na sita na nusu," alisema. Halafu mkono ukashuka. "Dada Nekesa."

Saa sita alipopata mapumziko tuliketi kwenye ngazi za nyuma, wanakoshushia mizigo.

"Wamesema tukilalamika tena tutarudishwa nyumbani," alisema. "Na huko nyumbani yule karao anapita mbele ya plot, milangoni petu, kila siku."

"Ni polisi huyo aliyempiga?"

"Ni yeye. Nilimwona kwa tundu la mlango. Wafula alikuwa na gunia la viatu vya watu. Akamwambia, afande, nimefika, kwangu ni hapo. Karao akampiga kichwani. Akaanguka, akampiga tena."

Nilikuwa nikiandika.

"Kabla ya hapo?" niliuliza.

Aliweka kipima joto kando yake kwenye ngazi.

"Kabla ya hapo alibisha kwangu. Akaniita jina. Nilikuwa nimeshika komeo, dada. Sikufungua."

Nilitamani kumzaba kofi. Yeye akaendelea, macho chini. "Nitatia sahihi yote, ila hilo tuliache. Mama asilisikie."

Nusura nikubali. Ilikuwa karatasi ile tu niliyoitaka, na mimi pia sikutaka Mama alisikie. Lakini nilijua wakili wa upande wa pili angemuuliza alisimama wapi, na uongo mdogo ungeyazika maneno yake yote.

"Andika mwenyewe," nilimwambia. "Andika yote."

Aliandika karatasi ikiwa gotini. Alipofika kwenye habari ya mlango alisita, akajifuta uso, akaendelea. Aliweka jina lake kamili na sahihi. Msimamizi wake akamwita, akarudi juani bila kuniaga.

Jioni nilimpigia Mama nikamsomea. Nilipofika kwenye habari ya mlango alinitaka nirudie.

"Alimwita jina?"

"Ndiyo, Mama."

Alikata simu. Siku tatu hakuzungumza nami.

Kesi bado haijasikilizwa. Yule polisi amehamishiwa kituo kingine na bado anavaa sare. Musyoka naye bado anasimama nje. Nilipoondoka Abu Hamour niliamini kwamba majirani wamefungwa midomo na hofu. Niliporudi nilijua kuna wanaofungwa na aibu, na hao hata ukiwaahidi ulinzi hawasemi, mpaka mmoja wao atangulie. Kwa ruhusa ya Musyoka, kamati iliyasoma maelezo yake mbele ya wakazi. Mama alikuwepo. Anasema watu waliinamisha vichwa, kisha mwanamke wa chumba cha mwisho, ambaye miezi yote hiyo aliapa kwamba alikuwa amelala, akasimama.

"Kwangu pia alibisha," alisema.